Pipa Lililokunywa Alasiri

Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, asubuhi ilinyesha mvua ya rasharasha, kisha mawingu yakatawanyika na jua likatoka limeoshwa, safi kama sahani mpya. Msuguaji wa karakana ya taa alimwogesha mama yake, akamkausha vidole vya miguu kimoja kimoja kama daktari alivyoagiza, akamvalisha na kumkalisha kwenye kiti karibu na dirisha. Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alikuwa amesema, huku akitazama viatu vyake mwenyewe, kwamba mgonjwa asikae peke yake muda mrefu, na kwamba ndugu zake wawe karibu.

"Nikitoka kazini nakuja moja kwa moja," msuguaji alisema.

"Njoo. Usipitie kwa mtu kupiga domo," mama alijibu.

Karakana ilikuwa chini ya ardhi, chini ya jengo la ghorofa nne. Humo walitengeneza taa za nyuzi za kioo. Uzi wa kioo ni mwembamba kama unywele, na mwanga ukiingia kwenye ncha moja hutokea kwenye ncha ya pili, hata kama uzi umepindishwa kona ngapi. Lakini ncha isiposuguliwa vizuri, mwanga hufia hapo. Msuguaji alizisugua ncha hizo kwa msasa laini, kisha kwa msasa laini zaidi, kisha kwa kitambaa chenye unga mweupe, mpaka uso wa ncha ukawa hauonekani tena. Kwa kuwa chembe moja tu ya vumbi huacha mkwaruzo, karakana haikuwa na dirisha, na mlango wake wa chuma ulifungwa watu wakishaingia na kufunguliwa kazi ikiisha.

Zamani walifanya kazi kwa taa za umeme. Taa ziliwaumiza macho, na kazi iliisha pale msimamizi aliporidhika, jambo ambalo halikuwa katika tabia yake. Ndipo wanawake wa karakana wakakubaliana, wakapanda ngazi wote kwa pamoja, wakamwomba tajiri mambo mawili: waletewe mwanga wa jua, na kazi iishe mwanga ukiisha. Tajiri alikubali papo hapo. Akatoboa jengo kutoka paani mpaka chini, akapitisha bomba pana kama sufuria ya sherehe, ndani limepakwa rangi ya fedha inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Juu ya paa aliweka kuba la kioo la kupokea jua. Chini, juu ya meza ndefu, bomba liliishia kwenye kioo cha mviringo ambacho wanawake walikiita sinia. Na ili kusiwe na ugomvi wa saa, mlangoni alifunga kufuli lenye jicho. Jicho lilitazama sinia. Mwanga ulipoisha, kufuli lilifunguka lenyewe.

Walishangilia. Mkataji wa nyuzi, ambaye alikuwa na umri mkubwa kuliko wote, alisema kwamba mtu anayekubali upesi namna hiyo ameshapiga hesabu zake. Lakini siku hiyo keki ilikuwa imeletwa, na hakuna aliyetaka kumsikiliza.

Jumanne hiyo ilikuwa siku ya kuunganisha pipa kwenye bomba, huko ghorofa ya nne. Pipa lilikuwa uvumbuzi wa mpwa wa tajiri, kijana mpole aliyesomea mambo ya mwanga. Alikuwa amezungusha uzi mrefu wa kioo kwenye pipa la chuma, mizunguko isiyohesabika, kisha akaukutanisha mwanzo wake na mwisho wake kwenye kiungo kimoja. Aliwaeleza akina mama vizuri. Mwanga ukiingia kwenye uzi hauwezi kutoka ubavuni. Hugonga ukuta, hurudi, hugonga tena, hurudi, na kwa sababu hiyo huenda mbele tu. Ndani ya pipa utazunguka, na kila ukipita kwenye kiungo utapungua kidogo. Kwa hesabu zake, mwanga wa mchana ungekaa humo kitambo na kuisha pamoja na jua, ili wingu likipita mchana kazi isisimame.

Kiungo kilikuwa kimesuguliwa na msuguaji. Alipewa kazi hiyo kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi, na kwa sababu alikuwa na desturi ya kusali akisugua, neno kwa mkono, mkono kwa neno, kwa hiyo hakuwahi kuharakisha.

Adhuhuri pipa lilifunguliwa. Jua lililooshwa na mvua likaingia humo, likaonekana kwenye sinia, jeupe na tulivu. Walipokwisha kula chakula cha mchana waliendelea na kazi. Walimaliza taa za siku hiyo, wakapangusa meza, wakavua aproni, wakapanga mstari mlangoni kusubiri sinia ligeuke rangi ya chungwa kama kawaida. Sinia halikugeuka. Walisimama mpaka miguu ikachoka.

"Jua leo limeamua kufanya ziada," mkataji alisema.

"Siku haijaisha," alisema msimamizi, ambaye walimwita Kengele kwa sababu ya sauti yake. "Rudini vitini. Kazi haikosekani."

Naye Kengele alikuwa ndani pamoja nao, kwa maana kufuli halikuwa na ufunguo wala halikujua cheo.

Walirudi vitini. Baada ya muda uso wa mwanamume ulionekana kwenye sinia, mkubwa, pua imegandamizwa kwenye kuba la juu. Alikuwa kaka yake msuguaji, seremala. Sauti yake ilishuka kwa bomba ikiwa na mwangwi mdogo.

"Dada, mbona jana hukurudi nyumbani?"

"Jana ipi?" msuguaji aliuliza.

"Jana Jumanne."

"Huku bado ni Jumanne."

Kaka alifikiri kidogo. "Basi ndiyo maana," alisema. "Mama alikuwa anauliza. Nitalala kwake mimi mpaka mtakapomaliza."

Mpwa wa tajiri alikuja kuangalia. Alipima kwenye kiungo, akapima tena, akapanda paani na kulala kifudifudi ili aongee nao kupitia kuba. Alisema kiungo hakipunguzi kitu. Mwanga unapita hapo kama unavyopita hewani. Hakuwahi kusoma popote kwamba jambo hilo linawezekana, na alitaka kumpongeza aliyekisugua.

"Ni mimi," msuguaji alisema. "Ahsante. Sasa tunatokaje?"

Kijana alisema dawa ni rahisi. Alama ya kidole kimoja tu kwenye kiungo. Mafuta ya ngozi yataufanya mwanga uanze kupungua, na kwa muda mfupi tu kutakuwa jioni.

"Basi weka kidole, mwanangu," mkataji alisema. "Unavyo kumi, hatuombi vyote."

"Mjomba ameweka mlinzi. Hataki kiguswe. Anasema duniani hakuna pipa lingine kama hili. Lakini nawaombea, mama."

"Kuomba tutaomba sisi tuliofungiwa," mkataji alisema. "Wewe una kidole."

Kijana aliona haya, akaondoka. Alirudi mara nyingi baadaye kuwasalimu, na kila mara aliona haya upya.

Siku iliendelea. Njaa ya jioni haikuja, kwa kuwa jioni haikuja. Usingizi nao vivyo hivyo. Walikuwa na shibe ya chakula cha mchana na uchovu wa alasiri, ule uchovu wa mgongo unaokuja wakati mtu anajua kwamba bado kidogo tu. Walijaribu kuziba. Walivua aproni zote wakazifunika kwenye sinia. Chumba kikaingia giza la magharibi, na kufuli likatoa mlio mdogo kama mtu anayetaka kukohoa. Halafu mwanga, ulipokuta njia imezibwa, ukatokea mezani. Kila uzi waliokuwa wameukata na kuusugua ulikuwa umejaribiwa kwa kushikizwa kwenye sinia, na kila uzi ulikuwa umekunywa mwanga wake. Maelfu ya ncha yaliwaka juu ya meza kama unga uliomwagika. Jicho la kufuli likageuka likazitazama, na kufuli likanyamaza.

"Mwanga tuliosugua kwa mikono yetu," mkataji alisema, akaivaa tena aproni yake.

Walipiga mlango kwa viti. Tajiri aliposikia alishuka ngazi, akasimama upande wa pili, akawauliza kwa upole kama mlango umeharibika. Walisema haujaharibika. Akasema basi si vizuri kuuvunja mlango unaofanya kazi yake.

Kisha wakasali. Hapo walipata shida wasiyoitazamia. Sala zote walizozijua tangu utotoni ziliomba mwanga. Tuangazie, tutoe gizani, mwanga wako utuzunguke. Kila walipoanza mmoja alishtuka na kusema, "Ngoja, tutaongezewa," wakanyamaza.

"Mtu anaombaje giza?" msuguaji aliuliza.

"Usiku ni wake pia," mkataji alisema. "Aliuumba yeye. Omba usiku, acha kulitaja giza."

Msuguaji alifunga macho akaomba usiku. Mwanga ulipita kwenye kope zake ukawa mwekundu, na ndani ya wekundu huo alimwona mama yake kwenye kiti, hajaogeshwa.

Akaja mkaguzi wa kazi, aliyeitwa na ndugu zao. Alipiga magoti kwenye kuba, mkoba wake kando.

"Mnaumwa?"

"Hapana."

"Mna njaa?"

"Hapana."

"Mmefanya kazi kupita siku moja?"

Wanawake walitazamana. "Siku bado haijaisha," msuguaji alisema, kwa sababu hakuzoea kusema uongo.

"Na sharti la kazi kuisha mwanga ukiisha, nani alilitaka?"

"Sisi."

Mkaguzi alisema anawahurumia sana, lakini hajaona palipovunjwa sheria, na kwamba ikiwa siku itaisha halafu wazuiwe, wamwite hata kama ni sikukuu.

Huko juu miaka ilipita. Waliijua kwa nyuso. Uso wa kaka ulipata mvi kidevuni. Siku moja mke wa Kengele alikuja kwenye kuba akiwa na msichana mwenye meno mawili yaliyong'oka. "Huyu ndiye uliyemwacha tumboni," alisema. Kengele aliuliza jina lake, akaambiwa, akalisifu, akamwambia mtoto asome kwa bidii. Kisha akawageukia wanawake akawaambia warudi vitini, ingawa hakuna aliyekuwa amesimama.

Kutoka kwa mama zilikuja salamu. Kaka alizileta kama zilivyotolewa. Mama anasema jirani anayemwogesha anamsugua kama sufuria iliyoungua. Mama anasema dawa mpya ni chungu, na daktari mpya ni mchungu zaidi. Halafu salamu zikaanza kuwa fupi. Mama anasalimia. Mama amelala.

"Niambie ukweli," msuguaji alisema.

Kaka alifuta kuba kwa kiganja ingawa lilikuwa safi. "Daktari amesema ndugu wote waitwe, dada. Mimi nimeshafika. Umebaki wewe."

"Nileteeni mama hapo juu."

Walimbeba kwenye kiti, kaka na majirani, ghorofa nne, wakipumzika kila kwenye kona ya ngazi. Mama aliwasimamia njia nzima. Alimwambia mmoja kwamba anabeba kiti kama mtu anayeiba, na mwingine kwamba asipumue kwa nguvu hivyo maana mgonjwa ni yeye. Walipomweka kando ya kuba aliinama, na uso wake ukajaa sinia. Ulikuwa umekuwa mdogo. Ngozi ilikuwa imelala juu ya mifupa kama kitambaa juu ya kiti kisichokaliwa. Nyuma yake, siku hiyo, walikuwepo tajiri na wageni wake waliokuja kutoka mbali kulitazama pipa, na mkaguzi wa kazi, ambaye siku hizi aliletwa kila wageni walipokuja, awaeleze kwamba hakuna tatizo.

"Shikamoo, mama," msuguaji alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hujazeeka hata kidogo." Alimtazama sana. "Nguo ni ile ile. Umekuwa kama picha."

Msuguaji alisimama juu ya meza ili awe karibu na sinia, akapaza sauti. "Bwana mkubwa, naomba neno."

Tajiri aliinama kando ya mama, kwa adabu.

"Mama yangu anakwenda. Naomba kidole kimoja kwenye kiungo. Nikishamwona, nitarudi mwenyewe nikisugue upya. Kitakuwa kama kilivyo."

Tajiri hakuwa mtu wa kukataa bila kufikiri. Alifikiri. "Ulipokisugua mara ya kwanza ulitumia nini?"

"Msasa, unga na sala."

"Uliomba nini?"

Msuguaji alikumbuka, akainamisha kichwa. "Niliomba kazi ya mikono yangu idumu."

"Unaona," tajiri alisema kwa upole. "Ulijibiwa. Wewe mwenyewe ni mtu wa Mungu, huwezi kunihakikishia kwamba utajibiwa mara ya pili. Mimi ningefurahi kupata alasiri kama hiyo. Sijawahi kukaa katika siku moja mpaka nikaizoea."

Wageni walitikisa vichwa kukubali. Msuguaji alilia. Machozi yalianguka juu ya meza, katikati ya ncha za nyuzi, na kila chozi liliwaka likakauka.

"Usilie," mama alisema. "Mimi nakungoja."

Aliyasema polepole, kama mtu anavyombembeleza mtoto. Lakini bomba lilibeba kila kitu juu na chini sawasawa, na tajiri alikuwa ameinama karibu.

"Mmesikia?" alisema, na uso wake ulifunguka kwa nafuu ya kweli. "Mama mwenyewe anasema anangoja. Basi hakuna haraka." Mkaguzi aliinua mkoba wake. Wageni walianza kuelekea ngazini, ambako chai ilikuwa imeandaliwa.

Msuguaji aliona neno lile lilikokuwa likienda. Mama yake hakuwa amewahi kuahidi kitu akakiacha. Alipoahidi kumsomesha alimsomesha, alipoahidi kumchapa alimchapa, hata kama hasira zilikuwa zimekwisha. Na sasa pumzi yake ilisikika ndani ya bomba, ikiingia kwa shida na kutoka kwa shida, kama msasa kavu juu ya kioo.

"Mama, usiseme hivyo tena," alisema. "Usiahidi. Umechoka. Mimi sijui nitatoka lini, hakuna anayejua. Nenda, mama. Nimekuruhusu."

"Umeniruhusu?" mama alisema. "Nani alimzaa mwenzake hapa?"

Huko chini mkataji alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa aproni.

"Mama, nakuomba. Ukiahidi utabaki na maumivu hayo. Ukiahidi hawatafungua kamwe."

Mama alikuwa ameelewa, ilionekana kwenye sinia kwamba ameelewa yote. Alimtazama binti yake, na Kengele, na wanawake walioinua nyuso zao kuzunguka meza. Halafu alimwambia seremala amsimamishe. Kaka akamshika kwapani akamwinua, majirani wakaushika mgongo wake, na wageni waliokuwa ngazini wakasimama, kwa kuwa mzee alikuwa amenyoosha mkono.

"Nyinyi wa juu, na nyinyi wa chini, mnishuhudie," alisema, kwa sauti ambayo hakuna aliyedhani bado anayo. "Na wewe bwana mwenye jengo, na wewe mwenye mkoba. Na Mungu aliyekwisha kunitumia mjumbe, aniwie radhi. Pumzi hii ni nzito, lakini ni yangu. Sitaitoa ya mwisho mpaka mlango huo ufunguke na mwanangu atoke kwa miguu yake. Nitaumia, nitakauka, nyote mliosimama hapa mtatangulia na mtaniacha kwenye kiti hiki. Mimi sifi. Naahidi."